Mlango wa Lukwambe

1

Salha aliuliza swali lake akiwa amechuchumaa jikoni, anachambua mchicha, kwa sauti ile ile anayoulizia kama chumvi ipo.

"Bibi, kwa nini hukuingia?"

Mama yangu, Bi Mwasiti, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. "Kuingia wapi, mjukuu wangu?"

"Msikitini. Au hata kanisani. Siku ile ya moto wa Lukwambe. Leo tumevishwa Historia, nimeona kila kitu. Milango ilikuwa wazi yote miwili, watu wanaingia, wanapona. Wewe ulikuwa na Mfaume mgongoni. Kwa nini ulipita tu?"

Mkono wa Mama ukasimama. Alitazama kifuu cha nazi kama mtu aliyesahau kwa nini amekishika.

"Milango ilifungwa, Salha. Nimekwambia mara ngapi?"

"Ndiyo, umeniambia. Lakini si kweli, Bibi. Nimeuona mlango kwa macho yangu. Una rangi ya kijani, umefunguliwa mpaka ukutani."

Hakusema kwa ubishi, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa anamhurumia bibi yake kwa kukosea. Nikamwambia aache maswali, akaoshe mchicha. Akaenda. Mama akaendelea kukuna nazi, taratibu sana, mpaka nikasikia meno ya mbuzi yanakwaruza kifuu kitupu.

Mimi nilisimama na mwiko mkononi. Mimi ni mkuza mitaala. Dawati la Historia, Uraia na Dini liko chini yangu, na kile alichovishwa Salha shuleni siku hiyo kilipita mezani kwangu kabla ya kufika kichwani kwake.

Niseme habari yenyewe kama Mama alivyonisimulia tangu nikiwa mdogo. Bwawa lilipojengwa, vijiji vyetu vilizama, nasi tukahamishiwa Lukwambe na kupewa viwanja pembeni mwa mji. Wenyeji walituita watu wa bwawa. Mwaka wa ukame ukaja, uvumi ukaenea kwamba tumekuja na mkosi wa maji, na alasiri moja mtaa wetu ukachomwa moto. Mama alikuwa na umri wa Salha. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akakimbilia msikitini, akakuta pamefungwa. Akakimbilia kanisani, napo pamefungwa. Akarudi kupita kwenye moshi. Yeye alifika upande wa pili mzima. Mfaume alifika akiwa bado amefungwa kanga mgongoni, hapumui.

Hiyo ndiyo habari yetu. Hatuna nyingine, na mwanangu alikuwa ameacha kuiamini.

2

Zamani tulisoma, tukasahau, tukasoma tena, na mtihani ukiisha kila kitu kinayeyuka. Nilikuwa hodari sana wa kuyeyusha. Siku hizi kuna Utepe. Ni kitambaa chembamba tu, mtoto anafungwa kwenye paji la uso, anakaa nacho kipindi kimoja, na somo linabaki kichwani mwake kama jambo aliloliona mwenyewe. Watoto wanasema wamevishwa. Sisi tunaandika kiwango, yaani sentensi moja au mbili za kile ambacho mwanafunzi anapaswa kukijua, na mtambo tunaouita Mfumaji unazigeuza sentensi hizo kuwa kumbukumbu yenye rangi, harufu na jua la mchana.

Alichovishwa mtoto hakivuliki. Walijaribu miaka ya mwanzo kumvisha mtoto sahihisho juu ya kosa, kumbukumbu mbili zikagombana, na mtoto mmoja akafikia kulikataa jina lake mwenyewe. Ndiyo maana kila kiwango hujaribiwa kwanza kwenye shule moja. Baada ya hapo jopo la dawati husika huweka dole, yaani alama ya kidole ya kuidhinisha, na kiwango kinakwenda nchi nzima. Shule ya Salha ndiyo ilikuwa ya majaribio. Dole la kiwango cha Lukwambe lilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile.

Asubuhi nilifika ofisini kabla hata ya mfagizi. Nikakifungua kiwango. Kilisema hivi: "Watu wa bwawa walikimbilia msikitini na kanisani." Basi, kimeishia hapo. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna mlango wowote.

Nikamuuliza Mfumaji mlango wa kijani ameutoa wapi. Akajibu kwa ule ustaarabu wake unaoudhi: mtu akikimbilia jengo lazima afike mlangoni, na mlango lazima uwe wazi au uwe umefungwa. Kiwango hakikusema. Amejazia kutoka kiwango cha Dini cha darasa la nne, kinachosema nyumba za ibada ziko wazi kwa kila mwenye shida.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Hakuna aliyedanganya. Tulikuwa tumefanya adabu tu.

Katika jopo letu tuna desturi ya kusomeana. Jambo lolote linalogusa dini halipiti mpaka Mchungaji Mbwilo asome kwa sauti linalowahusu Waislamu, na Ustadh Ngwali asome linalowahusu Wakristo. Kisha msomaji anamwuliza mwenzake, "Umetukanwa, ndugu yangu?" Mwenzake akisema hapana, tunasonga mbele. Desturi hii imetuepusha na ugomvi mwingi na ninaipenda. Rasimu ya kwanza ya Lukwambe ilisema milango ilifungwa. Ustadh alipofika kwenye kanisa, akaona haya kumsomea mwenzake maneno yale. Akaomba yafutwe, kwa heshima. Mchungaji naye, kwa kutotaka kushindwa ungwana, akaomba ya msikiti yafutwe pia. Wakapeana mikono. Tukanywa chai.

Wote wawili ni wazaliwa wa Lukwambe. Niliwapigia, wakaja mchana ule ule. Nikawaeleza alichouliza Salha.

Ustadh alishika kichwa. "Astaghfirullah. Kwa nini hukuingia! Mtoto amemwambia hivyo bibi yake?"

"Hivyo hivyo. Na Alhamisi tukiweka dole, watoto wote wa nchi hii watawauliza watu wa bwawa swali hilo hilo."

"Basi turudishe maneno," alisema Ustadh. "Iandikwe kuwa milango ilifungwa, yaishe."

"Hayaishi," nikasema. "Tazama."

Nikaandika neno hilo mbele yao. Mfumaji akauliza papo hapo: Imefungwa na nani? Nikaacha wazi. Akauliza tena. Mlango haujifungi, kwa hiyo lazima nyuma yake aweke watu, na watu lazima wawe na sura. Sura huzitoa kwenye picha za kale za mji wenyewe. Akatuonyesha mfano: mzee mwenye kanzu, mkono uko kwenye komeo. Ustadh aliitazama picha ile, kisha akageuka dirishani.

"Ufunguo wa msikiti alikuwa nao marehemu baba," akasema. "Pua ile ni ya kwetu."

Mchungaji Mbwilo, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, alikuwa hajasema kitu tangu aingie. Sasa akasema, "Mjukuu wangu anaanza darasa la tano mwakani, Mwamvua. Atakuwa na kumbukumbu ya ukoo wake ukiwafungia watu mlango moto unawaka. Sisemi atasoma, maana angesoma ningemweleza. Huyu atakumbuka, kama mtu aliyekuwepo. Na hakivuliki, wewe mwenyewe unajua. Utamtendea hivyo mtoto wa miaka kumi na mmoja?"

"Na wangu je? Amekwisha kutendewa."

"Ndiyo. Na unalijua linavyouma. Ndiyo nakuuliza wewe."

Nilikaa pale nikiuma kucha kama mwanafunzi. Tukiacha kama kilivyo, Mama anakuwa mjinga aliyepita mlango ulio wazi, na kifo cha Mfaume kinakuwa juu yake. Tukirudisha maneno, watoto wa Lukwambe wanabeba komeo mikononi mwao maisha yao yote. Tukikifuta kiwango kizima, moto haukuwako na Mfaume hakuwako. Nikafikiria kuwaachia walimu wasimulie kwa mdomo, kama zamani, lakini kila mwalimu anajua kwamba kisichovishwa hakitahiniwi, na kisichotahiniwa hakifundishwi.

Waliondoka bila kuaga vizuri. Mkurugenzi akanitumia ujumbe akinikumbusha Alhamisi, na kwamba wizara inasubiri.

3

Jumatano nilimkuta Mama uani anaanika nguo. Alikuwa ameishika kanga moja muda mrefu, maji yanamchuruzikia miguuni.

"Mwamvua," akasema bila kunitazama, "moshi unaweza kumfanya mtu auone mlango ulio wazi kama umefungwa?"

"Mama, ulifungwa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Salha ameuona. Rangi ya kijani ameisema sawasawa, mimi nilikuwa nimeshaisahau. Mtoto akijua na rangi, basi kaona." Akaitundika kanga, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. "Nilikuwa mdogo. Nilikuwa nalia. Huenda niliusukuma upande usiofunguka. Huenda hata sikuusukuma."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Tangu aliponiuliza najaribu kukumbuka mkono wangu ukigusa ule mlango, nauona ule wa Salha. Nikilala nauona ule wa Salha."

Nilitaka kumweleza habari za Mfumaji na kujazia na rasimu. Nilianza. Alinisikiliza kwa subira, kisha akaniambia kwamba mimi ni mtoto mzuri na nimsaidie kukamua shuka. Nikaikamata ncha moja, yeye nyingine. Mikono yake haikuwa na nguvu. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea katika ugonjwa wowote, kwa sababu nilikuwa namwona akikubali.

Ndipo nilipomwambia, "Kesho utakwenda na mimi kazini."

"Nikafanye nini huko?"

"Usomewe."

4

Ustadh alimpokea vizuri, "Karibu, Bi Mkubwa," akamvutia kiti, kisha akaninong'oneza kwamba utaratibu hauruhusu mgeni siku ya dole.

"Utaratibu wetu ni wa kusomeana," nikasema, na nilisema kwa sauti. "Anayetajwa husomewa na kuulizwa. Kiwango hiki kinawataja watu wa bwawa. Miaka yote hii hawajawahi kuwa na kiti kwenye meza hii. Leo wana kiti. Asomewe, aulizwe. Akisema hakutukanwa, naweka dole langu hapa hapa."

Ustadh alimtazama Mchungaji. Mchungaji aliivuta karatasi, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Shikamoo, dada," akamwambia Mama.

"Marahaba."

Akasoma, "Watu wa bwawa walikimbilia msikitini na kanisani." Halafu akaendelea, kama inavyotakiwa siku ya dole, na kile alichokifuma Mfumaji: "Milango ilikuwa wazi. Walioingia walipona." Akamgeukia Mama. "Umetukanwa, dada yangu?"

Mama alikunja mikono mapajani. Alikuwa amevaa baibui lake la kutokea, lile la harusi na misiba.

"Hapana," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye sikuingia."

Nilifumba macho. Ustadh alisema, "La haula," polepole. Nilikuwa nimeapa kuweka dole, na Mama alikuwa amenipa ruhusa, na ningemaliza siku yangu kwa kusaini kwamba mama yangu alimuua mdogo wake kwa upumbavu.

"Sikuingia," Mama akarudia, kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe. "Mjukuu wangu kaona. Andikeni tu."

"Ulisema hodi," alisema Mchungaji Mbwilo.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Alikuwa ameiweka karatasi chini na miwani juu yake.

"Dada, ulisema hodi. Nilikuwa ndani ya kanisa. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa chini ya benchi karibu kabisa na mlango, mama yangu ameniziba mdomo kwa mkono. Watu wazima wamesukuma mabenchi mlangoni. Nje kuna kelele, watu wanapiga mlango kwa ngumi, halafu kelele zikahama. Ikaja sauti ya mtoto wa kike. Haikupiga kelele. Ikasema, hodi. Kama vile amekuja kuazima chumvi. Hodi. Nikangoja mtu aseme karibu. Nyumbani ni lazima mtu aseme karibu. Ikasema mara ya pili. Ikasema mara ya tatu. Halafu nikasikia miguu inaondoka."

Mama alikuwa amemkazia macho.

"Mara tatu," akasema.

"Mara tatu."

"Ndivyo tulivyofundishwa," akasema Mama. "Hodi tatu, usipojibiwa unaondoka. Usilazimishe kuingia nyumba ya mtu." Akasogea mbele kwenye kiti. "Nilipiga hodi?"

"Ulipiga, dada. Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi nilikusikia. Nimekusikia miaka yote hii."

"Nilipiga hodi," Mama akasema, akanigeukia, akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma. "Mwamvua, umesikia? Nilipiga hodi." Na hapo akalia, kilio kikubwa, cha mtu mzima asiyejali anatazamwa na nani. Nikalia naye. Ustadh alitoa leso, akampa, na alipoona haitoshi akatoa kilemba chake.

Ilichukua muda kabla Mchungaji hajasema, "Andika."

Nikaivuta kibodi. Nikabonyeza herufi moja moja, kwa sababu nilijua naandika kwenye vichwa vya watoto ambao hawajanikosea kitu. Nikaandika: "Wakakuta milango imefungwa. Waliogonga na waliopiga hodi hawakujibiwa." Mfumaji akauliza, kama nilivyojua atauliza: Nyuma ya mlango yuko nani?

Nikamtazama Mchungaji. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye, na sikujua kipi kati ya hivyo kinanifanya nisite.

"Niweke mimi," akasema. "Mtoto wa miaka sita chini ya benchi. Picha yangu ya ubatizo ipo. Mjukuu wangu akikumbuka, akumbuke akiwa pale chini, amezibwa mdomo, anataka kusema karibu. Hilo nitaweza kukaa naye tukalizungumza."

"Na msikitini?" nikauliza.

Ustadh alikuwa amebaki na kofia tu, anaonekana mdogo kuliko siku zote. "Weka mwenye ufunguo," akasema. "Ila mwache atazame chini. Sijui kama alitazama chini, Mwamvua. Naomba tu."

Niliandika hivyo. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumkubalia lile la mwisho. Tukaweka dole, na Mama naye akaweka, pembeni, mahali ambapo fomu haikuwa na nafasi yake.

5

Salha hakupata faida yoyote ya hayo. Kiwango kipya kitavishwa darasa lijalo. Yeye ana mlango wake wa kijani, uko wazi mpaka ukutani, na atazeeka nao.

Jioni Mama alimketisha kitandani kwake, akamsimulia upya, akiongeza mtoto chini ya benchi. Mimi nilisimama ukumbini nikisikiliza. Salha alilia. Alisema, "Lakini Bibi, mimi nauona uko wazi. Hata ukiniambia, nikifumba macho nauona uko wazi."

"Najua," Mama akamwambia. "Uone hivyo hivyo, si kosa lako. Lakini ukiuona, ujue mimi nilisimama pale nikapiga hodi."

Kisha wakaanza kuzungumza habari za sare ya shule iliyochanika.

Asubuhi iliyofuata Salha alitoka na chai ya bibi yake. Mlango wa chumba cha Mama haufungwi kamwe, hata kitasa kimeshang'oka, na mtoto huyu ameingia humo mbio tangu alipojua kutembea. Safari hii alisimama kizingitini na kikombe mikononi, mbele ya mlango ulio wazi kabisa.

"Hodi, Bibi," akasema.

Akangoja. Nami nikajikuta nangoja, kana kwamba kuna uwezekano wa jambo lingine.

"Karibu," Mama akaitikia kutoka ndani. "Karibu, mwanangu, ingia."